Elia Yumo Kwenye Picha Ile

Mke wangu Mama Elia,

Nakusalimu sana. Mguu wako unaendeleaje, na mahindi ya bondeni yamefikia wapi? Mimi huku Mikumi ni mzima. Ulinzi nauweza kuliko vijana wanaosinzia getini. Juzi tembo alisogelea uzio, wote wakakimbia, nikasimama peke yangu. Muulize yeyote.

Barua hii soma mwenyewe, usimpe mwinjilisti akusomee. Nimeiandika kwa mkono wangu, mimi wa darasa la tatu, maana kwenye simu ungelia nami ningekata.

Jumapili baada ya ibada walikuja vijana wa Dar na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Wakaziba madirisha ya ukumbi kwa khanga, wakatuita wote wenye watoto jeshini, walio hai na waliokufa. Picha ni ya vita vya Kongo, na maneno yake ni kwamba vita ni upuuzi. Sasa mimi, niliyekwenda Uganda kwa miguu nikarudi na miguu yote miwili, nifundishwe vita na mtoto mwenye hereni?

Jirani yangu, sajini mstaafu, akasimama. "Zimeni! Mnawadhalilisha vijana wetu!" Nikampigia makofi. Lakini akina mama hata maneno hawakuyasikia, walikuwa wanatafuta sura. Askari akipita tu, "Rudisha nyuma kidogo, mwanangu." Mama mmoja wa Kisukuma alirudishiwa mara tatu, akaona kisogo tu cha mwanawe, akashukuru kama amepewa ng'ombe.

Ndipo akatokea Elia.

Amekaa juu ya gunia, ameshika kikombe, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagikia magotini. Mpiga picha anamsogelea. Anageuza uso, anasema, "Usinipige, kaka. Mama yangu akiniona hivi atakufa." Basi. Anaonyeshwa mwingine.

Jina letu limeshonwa kifuani, watu wakanigeukia. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya gwaride, "Huyo si wangu! Wangu alikufa huko Kongo na bunduki mkononi. Wangu hatetemeki!" Unakumbuka siku ya mazishi nilivyowasimulia watu kwamba aliangusha wengi kabla ya kuanguka. Hakuna aliyeniambia hayo. Nilitunga mwenyewe.

Yule mama Msukuma akasema taratibu, "Baba, mbona masikio ni yako yale?" Wakacheka kidogo. Nikatoka nje.

Asubuhi nikaenda walikolala wale vijana. Nikawaambia nimekuja kukagua uongo wao. Yule wa hereni akasema, "Shikamoo babu," akanifungulia kwenye kompyuta bila kubisha. Nikatazama mara tano. Hata mimi kule Uganda kuna siku, lakini hayo si ya barua hii.

Jumamosi wataonyesha Kilosa mjini, saa nane mchana. Nikawaamuru wakikate kipande cha Elia, maana mwenyewe hakutaka umwone. Wakakubali. Nikafika barabarani, nikasimama, nikakumbuka mazishi. Jeneza lilikuja limefungwa, wanajeshi wakakataza lisifunguliwe, nawe ukakataa kutupa udongo. Ukasema humziki mtu ambaye hujaona uso wake. Mpaka leo hujakanyaga kaburini. Na mimi nilikuita mkaidi mbele ya wifi zako.

Nikarudi nikawaambia wakiache kama kilivyo. Mmoja akasema, "Babu, si umetuambia tukate?" Nikamwambia, "Nimeamuru mara mbili, fuata ya pili."

Amekonda, nakuambia mapema. Shingo imekuwa nyembamba. Lakini ni yeye, na uso unaonekana wote kabla hajaugeuza.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, mwambie kwa meno bado namshinda. Nisalimie binti yetu wa Masanze na wajukuu, na mchungaji. Mdogo wako wa kike umsalimie, tena umwombe akusindikize Jumamosi, usiende peke yako.

Panda gari la asubuhi. Kaa benchi la mbele. Anatokea katikati, baada ya malori. Ukitaka kumwona tena sema warudishe, wameshazoea. Wakikuuliza huyu ni wa nani, sema ni wako, na baba yake ni yule mzee wa Mikumi aliyemkana. Ukirudi nyumbani utajua mwenyewe kama utakwenda kutupa udongo. Sitakuamuru.

Mumeo,
Baba Elia