Pikipiki ya Marehemu na Mlima wa Vugiri

Jumatatu, 8 Juni
Pikipiki imezima tena kabla sijaifikia lami. Nikangoja, nikapiga kiki, ikawaka kama haina neno. Kabichi zimefika Korogwe soko limeshapoa. Nimechukia kweli.

Nyumbani nimemkuta Shabani, mdogo wa marehemu mume wangu. Amepata mnunuzi wa Mkumbara, anakuja Jumamosi. "Shemeji, chuma hiki kimeshakufa. Tukiuze kabla hakijawa skrepa." Kadi ina jina la marehemu, na ukoo unamsikiliza yeye. Bila pikipiki sina biashara. Nimemwambia: Jumamosi hiyo ikipanda mlima wa Vugiri bila kuzima, haiuzwi. Kakubali, huku anacheka.

Jumatano, 10 Juni
Fundi Mbwana kafungua kabureta, kapuliza vitundu vyote. Chujio jipya. Mpira wa mafuta mpya. Pale gereji inanguruma vizuri. Nimetoka nayo, mwendo kidogo tu, kimya. Nimelia barabarani mpaka wapita njia wakauliza nani kafa.

Ijumaa, 12 Juni
Kona za kupanda Vugiri. Imezima. Nikafungua tangi nione kama mafuta yamo. Fyuu! Hewa ikavutwa ndani. Ile nailoni tunayotandika chini ya kifuniko ilikuwa imenyonywa, imebonyea. Nikapiga kiki. Ikawaka papo hapo.

Nimekaa chini kwenye majani. Shabani ndiye aliyeiweka, masika, mvua isiingie kwenye petroli. Huku kila mtu anaweka, hata Fundi. Nami kila nikijaza mafuta naitandika upya, kwa uangalifu, kama shuka la mgeni. Kumbe tunaziba tundu la hewa la kifuniko. Hewa isipoingia, mafuta hayashuki. Nina hasira, sijui nimkasirikie nani.

Nimeitupa ile nailoni. Sijamwambia mtu. Huenda najidanganya, na kesho ndiyo kesho.

Jumamosi, 13 Juni
Niliendesha mimi. Shabani nyuma yangu, mnunuzi akifuata na pikipiki yake. Kila kona nilingoja ikohoe. Shabani alikuwa akinipigia hadithi. Tulipopita pale inapozimaga, akainama kuisikiliza injini.

Mnunuzi aligeuza njiani, akapunga mkono.

Juu kulikuwa na ukungu na baridi. Shabani alishuka, akajinyoosha, akasema, "Haya, shemeji. Ni yako." Injini ilikuwa bado inanguruma. Nikaiacha hivyo kidogo, niisikie. Kisha nikaizima mwenyewe.