Majibu ya Kompyuta ya Mapokezi

Jumatatu, 10 Machi
Mama mzima! Kile kivimbe cha titi si kitu. Alikuja mwenyewe hospitali ninakofanya kazi, akasoma majibu kwenye kompyuta ya mapokezi — hakutaka hata nishuke nimsindikize. Jioni kampigia simu shangazi, vicheko mpaka jirani kachungulia. Na mimi? Nimesema afadhali, nikaenda kufua soksi. Sisikii kitu. Hofu yote ile imeniacha kama gogo.

Jumanne, 11 Machi
Bosi kaniita. Jana mwanamke mmoja aliangua kilio mapokezi: kompyuta imemwambia ana saratani. Daktari kafungua faili lake la karatasi — hana chochote! Bosi anacheka, eti huyo kapona bila dawa. Halafu kanikazia macho. Mfumo ni wako, tafuta.

Jumatano, 12 Machi
Nimeipata hitilafu. Kurasa mpya zinaweka namba ya mgonjwa kwenye sesheni — ile kumbukumbu ambayo mfumo unamshikia mtu tangu anapoingia. Ukurasa wa majibu ni wa zamani, bado una kigeu chake cha mtindo wa kale, kisanduku chake chenyewe cha kuwekea namba. Nilitaka kuubadilisha mwaka jana, bosi akasema kinachofanya kazi kisiguswe. Haya! Ukurasa huo unasoma namba iliyobaki humo kabla mpya haijaingia. Kwa hiyo kila mtu anaonyeshwa majibu ya aliyemtangulia kwenye kompyuta ile. Nimefuta mistari kadhaa, nimeandika mingine. Basi. Bosi kapiga makofi. Chai yangu ilikuwa imepoa, nikainywa hivyo hivyo.

Alhamisi, 13 Machi
Dada wa mapokezi kanisimamisha kwenye ngazi. Anamsifu mama. Eti yule aliyelia alikaa pale mama alipoinuka tu, kiti hakijapoa. Mama akamshika bega: usiogope mwenzangu, mimi yangu yametoka safi.

Nikasema, aha.

Nikapanda juu. Sikulia. Ukurasa ule sasa unasema kweli, nimeutengeneza mwenyewe. Namba ya mama sikuiandika humo nione. Ya nini?

Sasa niko chumbani. Shangazi kaja na begi zima la nguo, wako jikoni, mama anaimba na sauti yake ile mbovu. Kaniita nikale. Nimejibu nakuja. Kaita tena. Nakuja, mama!

Kaja mwenyewe. Kasimama mlangoni na mwiko mkononi, anauliza kuna nini, mbona uso umenishuka hivi —