Mzigo Nimeuacha Dukani

Kaka yangu,

Salamu zako zimefika. Bati la jikoni limezibwa, halivuji tena. Mama anakusalimu kwa mkono, maana maneno bado hayatoki vizuri.

Sasa nisikilize. Ulisema nikiingia dukani macho yananiponza, eti kwa sababu ya miwani moja ya jua niliyonunua kwa pesa yako. Ukaamua uwe unaagiza mwenyewe mtandaoni, mimi nichukue tu mzigo dirishani. Jana nimefungua mfuko nikakuta karanga na biskuti ngumu. Nimekwambia mara ngapi kwamba tangu apate kiharusi Mama hamezi kitu kigumu?

Nilimwomba muuzaji anibadilishie, nipate unga wa uji. Akasema, "Pole dada, anayebadilisha ni aliyeagiza." Foleni nzima ikanitazama kama ombaomba, mimi ninayemnyanyua mama yetu kitandani kila asubuhi.

Mzigo wako nimeuacha palepale. Nimeingia ndani, nimepita rafu zote, nimetoka na unga peke yake, kwa pesa yangu. Usiagize tena. Ukitaka kujua Mama anakula nini, njoo umlishe.

Ni mimi, mdogo wako uliyeshindwa kumwamini.