Maua Meupe ya Mama Mkwe

Jumatatu, 13 Januari 2025
Majibu ya uvimbe wa mama mkwe yanatoka Ijumaa, hospitalini Homa Bay. Anasema haogopi. Amefagia boma mara tatu leo — nimeambiwa na Liz, jirani yake huko Macalder. Jumatano anafikisha sabini na hajawahi kufanyiwa bathdei hata moja. Nimemuuliza Sista pale parokiani Migori, ninakopamba altare. Ana kijitabu: kila mwezi na ua lake. Januari ni carnation. Maria alilia kwenye njia ya Kalvari, machozi yakaanguka, yakaota carnation. Maana yake upendo wa mama usiokufa. Usiokufa! Nimeagiza meupe.

Jumanne, 14 Januari
Yamefika kutoka Nairobi. Mume wangu Oliver ameyaangalia, akauliza nani amekufa. Wanaume!

Jumatano, 15 Januari
Sitaki kuandika. Wacha niandike.
Bodaboda ya Okari, mimi nyuma, maua kifuani, keki mapajani. Tulipopita soko la Macalder wanawake waliinuka. Mmoja akashika kichwa. Nikawapungia mkono. Kumbe huku maua hufuata jeneza tu, hayajawahi kupelekwa kwa mtu anayetembea. Nimekaa taoni mpaka nimesahau kwetu.
Sijamaliza kushuka, Liz huyo na viti vinne na sukari kilo mbili. Nyuma yake mtu analia. Mama alikuwa anapepeta mtama. Akaniangalia, akaangalia maua.
“Kwa hivyo daktari amekuambia wewe kwanza.”
Nikasema ni ya bathdei. Akasema asante, sauti ndogo. Akasema Ijumaa haendi popote, majibu si yameshafika? Akaingia ndani, akafunga mlango.
Keki wamekula waombolezaji.

Alhamisi, 16 Januari
Nimelala kwa Liz. Asubuhi nikamweleza Mama ile hadithi ya machozi, kupitia dirisha. Halafu akauliza: hayo maua yaliota mtoto akiwa amekufa ama bado?
Bado, Mama. Alikuwa anatembea.
Akauliza tena: na alifufuka siku ya ngapi?
Ya tatu.
Nikamwona anahesabu kwa vidole. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Akafungua mlango, akaitisha chai.

Ijumaa, 17 Januari. Homa Bay
Amebeba maua yote. Benchi nzima ilisimama: pole sana mama, pita mbele. Hakuwasahihisha. Alikuwa wa kumi na tisa, akawa wa pili. Nikamnong'oneza hiyo ni dhambi. Akasema ataungama Jumapili, kama majibu ni mazuri. Yakiwa mabaya, Mungu na yeye hawatadaiana.
Wameita jina lake, Rael. Akanikabidhi maua. “Shika, nyathina, mwanangu. Usimpe mtu.” Hakutaka niingie naye. Naogopa, jamani.
Sasa dakika ishirini. Yule wa kwanza alimaliza kwa tano.
Mlinzi amepita, akaniambia pole. Nikamwambia ni ya bathdei! — kwa sauti, mpaka watu wamegeuka.
Amevua kofia hata hivyo.