Mifupa Iliyoshiba

Shoga, nimetoka kwa daktari. Silii wala nini, niko tu.

Si unajua tangu wanitoe zile tezi ndogo za shingoni zinazosawazisha kalsiamu mwilini, nameza vidonge vya kalsiamu kama njugu? Leo kipimo kikasema mifupa yangu imeshiba madini kuliko ya wenzangu. Nikamtunishia daktari misuli. Dada yangu yupo pale anaangalia. Misuli, shoga.

Akaniacha nimalize. Akasema kushiba si kuwa imara. Bila homoni ya zile tezi, mwili hauondoi mfupa uliochakaa ujenge mpya, unalimbikiza tu ule wa zamani.

Akanionyesha picha. Pingili moja ya mgongo imebonyea.

"Umeinua nini kizito?"

Nikamwambia sijainua kitu, labda mtoto.

Kushiba si kuwa imara.

Nimefika nyumbani, mwanangu kanikimbilia mikono juu. Nikajifanya natafuta funguo.