Mistari ya Kioo cha Nyuma

Jumatano

Na bado kioo cha nyuma cha gari hakiondoi ukungu! Fundi alibadilisha fyuzi, akabadilisha swichi, wapi. Leo asubuhi nikirivasi kwa kituo cha majani chai, magunia ya majani mabichi yamejaza mvuke ndani, sikuona kitu. Nikasikia mtu akipiga bodi kwa kiganja. Mama mkwe, aliyekuja kunisaidia kupakua! Kidogo tu nimgonge.

Nilienda gereji moja kwa moja.

Fundi ameshika testa ya stima, akafuata ile mistari ya kahawia inayopasha kioo joto. Stima inaingia pembeni, ikifika katikati inapotea.

"Boss, hii imekwaruzwa. Nani aliosha hii gari na stilwaya?"

Stilwaya! Ya kusugua sufuria!

Nimefika nyumbani nikichemka. Kabla nifungue mdomo, mama mkwe akaniuliza kama nimeona vile alinioshea gari Jumamosi, tuende nayo kanisani ikiwa safi.

"Ile uchafu ya kioo ilikuwa ngumu, mwanangu, lakini nilisugua mpaka ikakubali."

Sasa mtu atasema nini? Kwetu mama wa bibi yako humgombezi, hata jina lake hutaji. Chebet, bibi yangu, alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakicheka.

Nikasema, "Asante sana, mama."

Amefurahi. Anasema kesho ataamka mapema amalizie mistari miwili iliyobaki.

Stilwaya nimeificha chini ya godoro.