Mbwa wa Kashindi Katika Mpunga Wangu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, asiyemsahau kiumbe wake yeyote.

Mdogo wangu Zaituni,

Amani iwe juu yako na juu ya wote waliomo nyumbani kwetu Kalemie. Je, kikohozi cha mama kimetulia? Mimi huku Sange ni mzima, ila magoti yanalalamika, na mpunga umeanza kutoa masuke.

Umeniuliza mfanye nini na watoto wa mbwa wenu wanaonyonyoka manyoya. Nitakujibu, ingawa jibu langu limechanganyika na hasira ambayo sijaimaliza.

Unajua nafuga mbwa wa kulinda shamba, jambo ambalo dini imeturuhusu. Jike langu limezeeka, halikimbizi tena kitu, hivyo tumaini langu lilikuwa watoto wake wawili. Walishikwa na upele: kingo za masikio zikafanya magamba, viwiko vikabaki vitupu. Ijumaa moja nilikwenda kuswali Uvira. Niliporudi walikuwa wanatetemeka, mate yakiwatoka. Jirani yangu Kashindi, ambaye mbuzi wake hawajui malisho mengine ila mpunga wangu, alikuwa amewapaka dawa ya kupe wa ng'ombe bila kuitia maji. Naye amechunga ng'ombe huko milimani Mulenge ujana wake wote, kipimo anakijua.

"Mwalimu, minye nilikusaidia tu," alisema. Na watoto wale walipokufa akaongeza mbele ya watu, "Weye unasoma Kurani. Imbwa iko najisi. Kufa yake iko shida gani?"

Watu walicheka. Mimi niliwazika watoto wale wa mbwa.

Mwenyezi Mungu hana haraka. Kashindi alipata mbwa wake mdogo, mbwa huyo akashikwa na upele uleule. Kashindi akaja mlangoni kwangu akiinamisha kichwa.

"Mwalimu, imbwa iko najikuna mpaka damu. Unisaidie."

"Ile dawa ya ng'ombe imekwisha?"

"Usinicheke, mwalimu. Niko na haya."

Nilimwambia nitamtibu mbwa wake kwa sharti moja: akae kwangu mpaka apone kabisa. Alikubali upesi, akidhani ni huruma.

Sasa shika haya, Zaituni. Mbwa yule nilimpeleka kwa veterineri, daktari wa mifugo, naye akampima uzito kwanza, kwa kuwa dawa ya mbwa mdogo hufuata uzito wake. Nilimtenga na jike langu, nikachoma magunia aliyolalia, nikamwosha kwa sabuni laini na kumkausha vizuri. Msipake mafuta machafu ya moteri, yale yanayotolewa kwenye injini, kama wafanyavyo huku. Mbwa hujilamba, akameza sumu. Mkiona mabaka ya mviringo, hiyo huenda ni choa. Watoto wa nyumbani wasimshike mbwa huyo, kwani choa huwaambukiza watu.

Manyoya yalirudi taratibu. Nilimlisha kwa mkono wangu, na kila asubuhi nilimtembeza kwenye mipaka ya shamba. Kashindi alipokuja kumchukua, mbwa alikwenda naye, kisha akarudi kwangu. Akachukuliwa tena, akarudi tena.

Juzi, baada ya alasiri, mbuzi wa Kashindi waliingia katika mpunga. Mbwa yule aliwatokea kwa meno, akawasukuma hadi barabarani. Kashindi alikuja mbio akimwita, mbwa asigeuze kichwa.

"Mwalimu, umuite! Batu bananicheka!"

Nilikuwa na tasbihi mkononi. Nikaivuta punje kwa punje hadi mwisho, bila kuinua macho. Najua Mola wetu huwapenda wanaosamehe. Mimi bado sijasamehe.

Msalimie mama, mjomba wetu mvuvi, na shemeji yangu anayekuvumilia. Mwenyezi Mungu akupe afya wewe usomaye haya, na awalinde wote walalao chini ya paa lenu, watu na wanyama.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Ramadhani